Nyayo Zisizosikika

Sinema bubu, mtu anatembea chumba cha juu: nyayo zake utazisikiaje? Katika The Lodger (1927), Alfred Hitchcock alitumia sakafu ya kioo kinene, akampiga picha Ivor Novello kutokea chini. Taa ya dari inayumba, wenye nyumba wanainua macho, nasi tunaziona nyayo zikienda, zikirudi. London ina muuaji. Je, ndiye mpangaji huyu? Hakuna anayetuambia tuogope. Tunaogopa wenyewe.

Mwisho wake mtamu mno, sikatai: mpangaji hana hatia, mambo yanaishia kwenye mahaba. Lakini ile taa, jamani!

Mhariri aliponirudishia mswada wa riwaya yangu, nilinuna. Juzi nimehesabu: nimeandika “aliogopa sana” mara 14. Taa haijayumba hata mara moja. Naanza upya.