Mtu Mwenye Karatasi

Picha ninayotaka kuizungumzia ni ya wino mtupu. Ilichorwa mwaka 1655 na Mholanzi Willem van de Velde, baba wa mchoraji mwingine mwenye jina lilo hilo, na imehifadhiwa katika makumbusho ya bahari huko Greenwich, Uingereza. Mimi naijua kwa nakala ya kitabuni tu.

Inaonyesha vita vya Scheveningen vya tarehe 10 Agosti 1653, baina ya Waholanzi na Waingereza, ambamo Admeri Maarten Tromp wa Waholanzi aliuawa kwa risasi. Mchoraji aliipaka turubai rangi nyeupe, kisha akachora juu yake kwa kalamu, mstari kwa mstari, kama karani anayenakili hati.

Uhodari wake hauna shaka. Kila kamba ya mlingoti ina mahali pake. Lakini hapo ndipo nilipomwonea kasoro: merikebu zina sura, watu hawana. Wanaohangaika majini ni vidoa tu. Damu nayo haina rangi.

Zaidi ya hayo, amejichora mwenyewe katika chombo kidogo, akiandika vita huku wenzake wanakufa. Nilipokuwa kijana nilimhukumu kwa ukali. Mkono ule si ungemvuta japo mtu mmoja?

Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilikwenda ufukweni kumtafuta mwanachuo wetu mmoja. Sijui kuogelea. Nikapewa daftari, nikaandika majina ya waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao, hadi usiku. Sikumwokoa yeyote. Mama mmoja alinirudia mara tatu nimsomee jina la mwanawe, apate hakika kuwa limeandikwa sawasawa.

Tangu siku ile hukumu yangu imepungua ukali, ingawa siifuti. Van de Velde hakujificha nyuma ya kazi yake. Alijiweka humo humo pichani, aonekane akitazama, nasi tupate kumuuliza. Huo ni ungwana wa shahidi.

Wala usahihi wa kamba zake haunikeri tena. Mama yule alinifundisha kwamba kuandika sawasawa nako ni heshima. Kasoro ya picha hii ni kwamba heshima hiyo merikebu zilipewa kwanza, na wanaozama wakapata masalio.