Sauti ya Mnyonge Ughaibuni: Remmy Ongala, Super Matimila na Suala la Hadhira

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu iwapo maneno ya nyimbo za dansi yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa matini za fasihi. Makala haya hayakusudii kuufufua ubishi huo. Yanachukulia kwamba wimbo ni matini, na kwamba anayeuhakiki hana budi kuzingatia fani na maudhui yake kama afanyavyo kwa shairi. Swali tunalolishughulikia ni jingine: wimbo wa Kiswahili unapopelekwa ng'ambo katika ziara ya kuinadi albamu, ni kipi kinachosafiri na ni kipi kinachobaki nyumbani?

Swali hili lilizuka darasani. Kila ninapowauliza wanafunzi wangu ni kwa nini Remmy Ongala ahesabiwe kuwa msanii mkubwa, jibu la kwanza huwa kwamba aliimba Ulaya na kurekodiwa Uingereza. Jibu hilo ni la kweli, lakini linahusu soko. Halituelezi lolote kuhusu nyimbo zenyewe. Hatari yake ni kwamba limekwisha kuingia katika uteuzi wetu wa matini. Msanii aliyevuka bahari hufundishwa, na aliyebaki katika kumbi za Dar es Salaam, Tanga au Nakuru hutajwa kwa mstari mmoja. Makala haya yanajenga hoja kwamba hadhira halisi ya wimbo ni ile iwezayo kuukamilisha, na kwamba ziara ya kimataifa haina budi kupimwa kwa kigezo hicho.

2.0 Ziara na albamu

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Super Matimila. Katika miaka hiyo bendi za Tanzania zilitegemea mambo mawili: ukumbi wa dansi na studio ya Radio Tanzania. Wimbo ulitungwa, ukajaribiwa mbele ya wachezaji, ukarekebishwa kwa jinsi walivyoupokea, ndipo ukarekodiwa. Kwa hiyo ulipofika redioni ulikuwa umekwisha kuhakikiwa na watu waliolipa kiingilio.

Ziara za bendi za roki za Ulaya na Marekani hufuata utaratibu tofauti. Kwanza albamu hutengenezwa, kisha bendi huzunguka miji kuiuza. Jukwaa ni tangazo la sahani. Super Matimila iliingia katika utaratibu huo kupitia WOMAD, tamasha lililoasisiwa na Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki aliyewahi kuwa mwimbaji wa Genesis, pamoja na wenzake. Tamasha la kwanza, mwaka 1982, lilileta hasara kubwa, hata Gabriel na wenzake wa zamani wa Genesis wakalazimika kupiga onyesho la pamoja Oktoba mwaka huohuo ili kulipa deni. Kwa maneno mengine, jukwaa lililokuja kumpokea Remmy lilinusurika kwa fedha za roki, na likabaki na desturi za roki.

Mwaka 1988 Super Matimila ilipanda majukwaa ya WOMAD, na mwaka huohuo ikatoka sahani ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 ikafuata Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 Mambo, zote mbili chini ya nembo ya Real World, ambayo nayo ilianzishwa na Gabriel. Si haki kuyadharau mafanikio haya. Ubora wa sauti katika albamu hizo mbili unamwezesha mhakiki kuyasikia magitaa yakijibizana, jambo lililo gumu katika kanda nyingi za wakati huo. Aidha, ziara ziliwapa wanamuziki heshima ambayo nyumbani ilikuwa adimu. Hata hivyo, shukrani hizo zisituzuie kuuliza ni nini kilichotokea kwa maneno.

3.0 Kutoka «ya» hadi «kwa ajili ya»

Tuanze na jina la albamu ya mwaka 1989. Mjuzi wa Kiswahili akilirudisha jina hilo katika lugha yetu atapata «nyimbo kwa ajili ya maskini». Lakini ndani ya albamu hiyohiyo mna wimbo uitwao Sauti ya Mnyonge. Majina haya mawili yanakaa jirani, na msikilizaji wa haraka atadhani yanasema jambo moja. La hasha.

Tofauti ya kwanza ni ya msamiati. Ni kweli kwamba mnyonge mara nyingi ni maskini, lakini maana ya maneno hayo si moja. Maskini amekosa mali; mnyonge amekosa nguvu ya kuidai haki yake. Methali isemayo «mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni» ingepoteza maana kama tungeliweka neno maskini mahali pa mnyonge, kwa sababu inazungumzia haki na wala haizungumzii sadaka. Isitoshe, katika Tanzania ya Remmy neno hili lilikuwa na historia ya kisiasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja unyonge kuwa chanzo cha watu kuonewa na kunyonywa, na tafsiri ya Kiingereza ya Azimio hilo ilichagua neno lenye maana ya udhaifu. Wanasiasa, basi, waliitafsiri dhana hii kwa uangalifu zaidi kuliko albamu iliyokuja zaidi ya miaka 20 baadaye.

Tofauti ya pili ni ya kisarufi, nayo ndiyo nzito zaidi. Katika Sauti ya Mnyonge, kihusishi «ya» kinamilikisha: sauti ni mali ya mnyonge, naye ndiye msemaji. Katika jina la albamu, maskini ni mpokeaji. Kuna mtu mwingine anayeimba kwa niaba yake au kwa manufaa yake. Mnyonge aliyepanda ndege akiwa mwenye sauti alishuka upande wa pili akiwa mwenye kuonewa huruma. Hatudai kwamba kulikuwa na nia mbaya. Tunachodai ni kwamba ziara inahitaji jina ambalo mnunuzi atalielewa kwa mtazamo mmoja, na huruma inaeleweka upesi kuliko madai.

4.0 Methali nusu na fumbo zima

Albamu hiyohiyo ina wimbo uitwao Kipenda Roho. Jina hili ni nusu ya methali: kipenda roho hula nyama mbichi. Mtunzi ameikata makusudi, kwa kuwa anamwamini msikilizaji wake. Yeyote aliyelelewa katika Kiswahili husikia nyama mbichi bila ya kutamkiwa, na katika ukimya huo ndimo hatari ya mapenzi inamokaa. Hapa hadhira ni mtunzi mwenza. Akisimama msikilizaji asiyeijua methali, mbele yake lipo jina tamu tu la wimbo wa mapenzi; nyama mbichi haipo.

Hali ni hiyo pia katika muundo wa wimbo mzima. Wimbo wa dansi aghalabu huwa na sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu na kubeba kisa. Ya pili, ambayo wanamuziki wa Tanzania huiita chemko, huongeza kasi na kuwaachia magitaa na miguu kazi. Kwa hadhira ya nyumbani chemko ni malipo ya kusikiliza: umekwisha kuhuzunika, sasa cheza. Kwa hadhira isiyoielewa lugha, sehemu ya kwanza hugeuka kuwa muda wa kungoja. Wimbo wa kilio na wimbo wa harusi huchezwa kwa furaha ileile. Mchezaji huyo hana kosa, lakini amepewa nusu ya kazi ya sanaa na kuambiwa kwamba ni nzima.

Yamkini Remmy mwenyewe aliliona pengo hili. Katika Mambo zimo nyimbo zenye Kiingereza, kama vile One World na No Money No Life. Wako watakaosema kwamba alijiuza. Sisi tunaona kinyume chake: alikuwa akitafuta hadhira iwezayo kumjibu. Kasoro ya nyimbo hizo ni ya kifani. Jina kama One World ni kaulimbiu. Limekwisha kukamilika kabla ya msikilizaji kufika, hivyo halimwachii kazi yoyote. Mtunzi aliyezoea kukata methali katikati amelazimika kuitamka yote, na kwa kuitamka yote amesema machache.

Tulinganishe na Mambo kwa Soksi, wimbo wake uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza watu. Redio ya taifa haikuwa tayari kuupiga. Neno soksi ni fumbo jepesi, kila mtu alilifumbua, na katika kulifumbua alicheka. Akiisha kucheka, alikuwa amekwisha kukubali kulizungumza jambo ambalo mhubiri na daktari walishindwa kulitaja mbele ya wakwe. Wimbo huu hauwezi kupimwa kwa wingi wa nakala. Unapimwa kwa mazungumzo uliyoyawezesha.

5.0 Ziara nyingine: barabara ya Mai Mahiu

Hapa ndipo mhakiki anapolazimika kukumbuka kwamba nyimbo hizi zilikuwa na ziara nyingine ya kimataifa, isiyokuwa na mabango wala ratiba. Mai Mahiu ni mji wa njia panda chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, jirani na kikanisa kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Malori yatokayo Mombasa hupita hapo kuelekea Naivasha, Nakuru na mpakani, hadi Uganda, Rwanda na Kongo. Madereva walisafiri na kanda, wakaazimana, wakanakili, wakaacha nyingine kama rehani ya chakula.

Mwandishi wa makala haya alikulia katika hoteli ya shangazi yake mjini humo. Mwaka 1993 paliachwa pale kanda isiyo na picha wala jina la kampuni, imeandikwa «Remi» kwa kalamu ya wino. Jioni moja Sauti ya Mnyonge ilipokuwa ikipigwa, shangazi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alimuuliza dereva mmoja wa pwani:

«Dereva, huyu mtu analia njaa?»

«Hapana, mama,» akajibu yule dereva. «Mwenye njaa ni maskini, na maskini anaweza kukupiga ngumi akakunyang'anya. Huyu ni mnyonge. Hata haki ikiwa yake, hana wa kumsikiliza.»

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa uji alidakia kwamba basi sisi sote pale tulikuwa wanyonge, isipokuwa mwenye kodi ya jengo. Watu wakacheka, na mabishano yakaendelea hadi kanda ikaisha.

Sijawahi kusoma ufafanuzi wa neno hilo ulio bora kuliko ule wa dereva. La muhimu zaidi ni kwamba ulitolewa na hadhira, katika nchi ambayo si ya mwimbaji, kwa msikilizaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo hoja yetu haiwezi kufupishwa kuwa «wimbo usivuke mpaka». Wimbo ulikuwa umevuka. Ulivuka ukiwa na maneno yake, kwa sababu ulisafiri na watu walioweza kuyaeleza na kuyabishia. Maelezo ya jalada hayawezi kuulizwa swali, dereva anaweza.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Kamirithu, juu ya mteremko huohuo upande wa Limuru, wanakijiji wa mwaka 1977 walishiriki kuirekebisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda walipokuwa wakiifanyia mazoezi. Hadhira yenye uwezo wa kumsahihisha msanii ndiyo impayo msanii lugha.

6.0 Hitimisho

Remmy Ongala alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa katika miaka yake ya mwisho ameelekea kwenye nyimbo za Injili. Kituo cha daladala cha Sinza kinaitwa kwa Remmy. Jina hilo halikutolewa na kampuni ya muziki; lilitolewa na abiria waliohitaji kumwambia kondakta wateremke wapi. Katika hesabu ya heshima za msanii, mhakiki wa Kiswahili hana sababu ya kuliweka chini ya tamasha lolote.

Tumeona kwamba ziara hizo za ng'ambo ziliusafirisha muziki wa Super Matimila kwa ukamilifu na maneno yake kwa upungufu. Kwamba upungufu huo unaonekana katika jina la albamu, katika methali iliyokatwa, na katika Kiingereza kisichomwachia msikilizaji kazi. Na kwamba barabara ya malori iliyabeba maneno hayo vizuri zaidi. Wanaofundisha nyimbo wanashauriwa waanze na swali la nani aliyeweza kuukamilisha wimbo, kabla ya swali la wapi ulipigwa.

Suala hili si la historia ya muziki pekee. Tarehe 29 Aprili 2024 mafuriko yaliua makumi ya watu Mai Mahiu, na kwa siku chache mji huo nao ukazunguka dunia. Picha zilisafiri. Waliofikwa walielezwa kuwa maskini, na misaada ikatafutwa kwa ajili yao. Walichokisema wao wenyewe kuhusu maji, reli na ardhi kilisikika kwa nadra. Umbali kati ya «sauti ya mnyonge» na «nyimbo kwa ajili ya maskini» ni huohuo. Idara ya fasihi isiyoweza kuwaonyesha wanafunzi wake umbali huo haina haja ya kuwafundisha Remmy Ongala.