Mzingile Ndani ya Jiwe la Tabaka

Kwenye vibanda vya vinyago, fundo huwekwa nyuma. Mbele hupangwa viboko, tembo, sahani za rangi na seti za sataranji, vitu ambavyo mgeni huvitambua mara tu anapovitupia jicho. Fundo la jiwe halifanani na kitu chochote. Ni ukanda mmoja mnene unaojizungusha, unapanda juu ya mwili wake wenyewe, unazama, unaibukia upande wa pili na kurejea ulikoanzia. Na wote umetolewa katika kipande kimoja cha jiwe, bila kiungo wala gundi. Wateja hulishika, huligeuza kidogo, hulirudisha mahali pake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote zinazotoka Tabaka.

Tabaka iko Mugirango Kusini, katika kaunti ya Kisii. Jiwe la sabuni huchimbwa huko huko, kwa sururu na mtaimbo, na hutoka kwa rangi nyingi: jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano, na lile lenye mawimbi ya wekundu ambalo halirudii sura yake hata mara moja. Kabla ya watalii kuja kununua vinyago, Wagusii walikuwa wakilichonga kuwa bakuli, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao. Likiwa na unyevunyevu, hukatika kwa kisu cha kawaida. Ulaini huo huwavutia wanafunzi, na ndio huo huo unaowaponza. Jiwe gumu humlazimisha mtu kwenda polepole. Hili hukubali kila pigo, la busara na la upuuzi.

Fundo nalo ni mzingile, ila si wa karatasi. Wanaopenda mafumbo ya mzingile kwenye karatasi wanajua raha yake: unaingia, unakwama, unarudi, unajaribu njia nyingine. Kanuni zake ni za zamani. Ukiweka mkono wa kulia ukutani na kutouondoa, na kuta zote za mzingile ziwe zimeungana, utatoka tu, hata kama ni kwa kuchelewa. Mfaransa mmoja wa karne ya 19, Trémaux, alipendekeza utie alama kila njia unayopita, na usiipite njia moja zaidi ya mara mbili. Kanuni zote mbili zinamruhusu mtu kukosea, kisha arudi nyuma.

Mfumaji wa kikapu naye ana ruhusa hiyo. Ekee, kikapu ambacho kwa desturi ugali wa wimbi hutengwa ndani yake huko Kisii na Nyamira, hufumwa duru juu ya duru, na duru iliyokwenda kombo hufumuliwa. Jiwe halifumuliwi. Anayechonga fundo lazima aumalize mzingile wote kichwani kabla ya kufungua tundu la kwanza.

Ugumu wenyewe uko wapi? Chukua penseli, msomaji, ujaribu. Chora kanda mbili zinazopishana, moja juu moja chini, kisha uzikunje kwa duara mpaka ncha zikutane na mianzo. Mipishano ikiwa mitatu, fuata kwa kidole: utagundua kwamba huna kanda mbili tena. Una ukanda mmoja unaozunguka mara mbili na kujifunga wenyewe. Ongeza mpishano wa nne, na fundo linatoweka. Sasa una pete mbili zilizofungamana. Weka wa tano, ukanda unarudi kuwa mmoja. Witiri huleta mmoja, shufwa huleta mbili, na itaendelea hivyo hata ukifika mia. Anayetaka kuchonga ukanda usio na mwisho akakosea hesabu kwa mmoja tu, atapata kitu kingine kabisa.

Kuna kosa la pili, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Katika fundo la mipishano mitatu, ukanda hupita juu, chini, juu, chini, bila kuruka zamu. Geuza mpishano mmoja tu, uwe juu pale palipotakiwa chini, na umbo litabaki kupendeza machoni. Lakini lingekuwa kamba, ungelivuta likafunguka lote likawa pete tupu. Wanunuzi wengi hawatagundua. Kidole kitagundua.

Kwa hiyo tazama mpangilio wa kazi. Kwanza jiwe hulowanishwa, maana maji hufichua rangi na, la muhimu zaidi, hufichua nyufa. Ufa unaopita mahali ambapo ukanda utakuwa mwembamba ni hukumu ya kifo. Afadhali jiwe hilo liwe kiboko. Panga au kishoka huondoa kona. Baada ya hapo mistari hukwaruzwa juu ya uso, na hapa ndipo fundi mzuri anapotumia muda mrefu bila kukata chochote. Analizungusha jiwe magotini. Mstari unaozama upande huu lazima utokee upande ule, mahali ambapo haoni, na ukutane na mwenzake katikati ya giza la jiwe. Kisu huchimba mifereji, patasi na tupa huifuata, na matundu huachwa hadi mwisho, kwa sababu kila tundu linalofunguliwa hupunguza nguvu ya kilichobaki. Tundu moja likifunguliwa mapema, pigo lijalo linaweza kulivunja fundo vipande viwili.

Mwaka 1971, wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler huko Marekani waliwaonyesha watu picha mbili mbili za maumbo ya vitofali na kuwauliza kama ni umbo lile lile lililogeuzwa. Kadiri pembe ya mgeuko ilivyoongezeka ndivyo muda wa kujibu ulivyorefuka, kana kwamba kila mmoja alikuwa akiligeuza umbo kichwani hatua kwa hatua. Mchonga fundo hufanya jaribio hilo mchana kutwa, tena kwa umbo linalobadilika kila anapokata, na jibu lisilo sahihi humgharimu jiwe zima.

Kisha fundo hupelekwa kwa wengine. Katika Tabaka kusugua kwa kawaida ni kazi ya wanawake: beseni la maji, msasa wa kukwaruza, msasa laini zaidi, halafu nta na kitambaa. Watu huitaja kazi hii kwa sentensi moja, kana kwamba ni kuosha vyombo. Si haki. Anayesugua ndiye pekee anayeupita ukanda mzima kwa ngozi ya vidole, ndani ya kila tundu, chini ya kila mpishano, na ndiye wa kwanza kujua kama mchongaji alipotea njia.

Jina la Tabaka limefika mbali kupitia kazi kubwa. Elkana Ong'esa, mchongaji mzaliwa wa huko, ana sanamu yake ya ndege wa amani kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na anastahili kila sifa. Ila fundo la kukaa kiganjani halina jina chini yake. Bei yake hupangwa kwa ukubwa, nusu yake hukatwa na mteja anayejisifu kwa kujua kupatana, na fedha iliyobaki hugawanywa kati ya aliyechimba, aliyechonga, aliyesugua na aliyesafirisha.

Ukilikuta kibandani, usianze na bei. Weka kidole popote, ufuate ukanda mpaka urudi ulipoanzia, ukihesabu mipishano na zamu za juu na chini. Ukiona haukuruka zamu hata moja, uliza nani alilichonga na nani alilisugua, halafu lipa bei uliyotajiwa.