Kilichobaki Baada ya Makadirio

Kabla ya kugusa hata mstari mmoja wa msimbo, kijana mmoja aliiendesha programu ya zamani, akayahifadhi majibu yake yote kwenye faili moja. Nilikuwa nimekaa kando yake mjini Morogoro, dirisha likitazama kilele cha Bondwa na minara yake. Nilidhani ataanza kwa kufuta.

Maktaba anayoipanga upya hutabiri mvua mwezi kwa mwezi. Ina modeli kadhaa, na kila modeli hutoa vitu viwili: makadirio, yaani mvua ambayo ingeitarajia katika kila mwezi uliokwisha pita, na masalio, yaani kipimo halisi ukitoa makadirio hayo. Tuseme Aprili chombo kimepima milimita 210, modeli ilitarajia 190: salio ni 20. Hesabu ya darasa la pili. Lakini kila modeli iliifanya kivyake, na mojawapo ilitoa kinyume, hivyo ziada ya mvua ikasomeka kama upungufu.

Akaandika kipande kimoja kifupi cha kufanya hesabu hiyo kwa modeli zote. Akaondoa nakala ya kwanza ya hesabu ya zamani, akaendesha majaribio, akasubiri, akahifadhi kwenye Git. Ndipo akaigeukia ya pili. Hakuondoa mbili kwa mpigo hata mara moja.

Alipokaa sana ni kwenye miezi 12 ya mwanzo. Modeli ya msimu hukadiria masika ya mwaka huu kwa kutazama masika yaliyopita. Mwaka wa kwanza hauna uliotangulia, basi hauna makadirio. Programu ya zamani ilijaza sifuri. Kwenye mvua, sifuri ni habari nzito: ni kusema modeli ilitarajia ukame. Akaziondoa zote, akaacha mapengo yenye alama ya kukosekana, kisha akafuatilia kila wastani uliokuwa umezitegemea. Saa nzima ilikwenda hapo, na kwangu huo ni uaminifu wa hali ya juu.

Ikaja modeli inayotumia logi ya mvua, baada ya kuongeza moja kwa kuwa sifuri haina logi. Hapo masalio ni ya aina mbili: ya logi, ambayo modeli hujipimia, na ya milimita, ambayo mkulima wa Kinole angeyaelewa. Yote yalibeba jina moja. Akayapa majina mawili, kama ifanyavyo maktaba ya fable katika lugha ya R. Huku kwenye milima ya Uluguru jambo hilo lina uzito, maana miteremko ya mashariki, inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hunyeshewa kuliko ya magharibi. Milimita 20 hazina maana ileile pande zote mbili.

Jioni akalinganisha majibu mapya na lile faili la asubuhi. Kila mstari uliotofautiana aliuandikia sababu: ishara iliyogeuzwa, sifuri iliyoondolewa, kipimo kilichobadilika. Mstari mmoja ukakosa sababu. Ukungu ulikwisha ifunika minara ya Bondwa. Akavuta kiti karibu, akaanza kuitafuta sababu hiyo.