Lugha ya Fumbo la Hesabu: Mifano Mitatu kutoka Mtaa wa Fedha

Fumbo la hesabu ni utungo. Lina wahusika, lina tukio, na mwisho wake ni swali. Hata hivyo, wahakiki wa Kiswahili wamewaachia walimu wa hisabati utungo huo, kana kwamba lugha yake ni ganda la kubanduliwa ili namba ipatikane. Makala haya yanashikilia kwamba mara nyingi mwanafunzi hukwama katika sentensi kabla hajaifikia namba.

Mtaa wa Fedha, ulioko Embakasi mashariki mwa Nairobi, unafaa kuwa uwanja wa kulipima dai hilo. Nje ya darasa, watoto wengi wa huko huzungumza Kiswahili na Sheng; darasani husoma hisabati kwa Kiingereza. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini shule za sekondari zikabaki na Kiingereza. Kwa hiyo suala hili linazihusu nchi zote mbili.

Mfano wa kwanza ni wa saa. Matatu imeondoka Fedha saa 12.30 asubuhi, ikafika mjini saa 1.15. Safari ilichukua muda gani? Mwanafunzi anayetoa namba ndogo katika kubwa hupata saa 11 na dakika 15. Jibu ni dakika 45: nusu saa hadi saa 1 kamili, kisha robo saa. Mwalimu akitafsiri kuwa 6.30 na 7.15, kikwazo hutoweka, na wapo watakaosema kuwa saa ya Kiswahili ndiyo mbovu. Sivyo. Safari ya mchana ambayo Mwingereza huiandika 12.30 hadi 1.15, kwa Mswahili ni saa 6.30 hadi 7.15, nayo haina kikwazo chochote. Kila lugha ina kizingiti chake: cha Kiswahili kiko alfajiri na magharibi, cha Kiingereza adhuhuri na usiku wa manane. Linalopasa kufundishwa ni kukivuka, si kukikimbia.

Mfano wa pili ni wa takwimu. Chukuliwe nyumba tano za kubuni zinazolipiwa kodi ya shilingi 8,000, 9,000, 10,000, 12,000 na 31,000. Jumla ni 70,000, na wastani ni 14,000. Lakini wapangaji wanne kati ya watano hulipa chini ya kiasi hicho. Neno "wastani" lina asili ya Kiarabu yenye maana ya katikati, na katika mazungumzo "maisha ya wastani" ni maisha ya kadiri. Mwanafunzi anayejibu 10,000, yaani kodi iliyo katikati ya orodha, ameisikiliza lugha yake kwa makini. Amekosa hesabu iliyokusudiwa, lakini hakukosa akili.

Mfano wa tatu ni wa fizikia. Dukani huulizwa uzito wa mfuko wa unga, na jibu ni kilo 2. Katika fizikia, kilo 2 ni tungamo. Uzito ni kani, nao unakaribia nyutoni 20. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kwa hiyo kisingizio cha kwamba Kiswahili hakina istilahi hakina mashiko. Lakini orodha ya istilahi pekee haitoshi. Muuza duka hatasema "tungamo", wala hana haja. Mwalimu ndiye apaswaye kuonyesha mahali ambapo neno moja linafanya kazi mbili.

Yafuatayo ni dhahiri. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi wamelipa lugha kosa la utungaji. Nao wanaodhani kwamba kamusi imemaliza kazi wamesahau kuwa istilahi huishi ndani ya sentensi. Fumbo linalomwangusha mtoto wa Fedha kwa sababu ya neno "uzito" halijapima fizikia yake. Kabla halijatiwa katika mtihani, halina budi kusomwa na mwanalugha pamoja na mwanahisabati.