Mipangilio Ishirini

Mchukue mkulima wa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwenye shilingi 50,000 kwenye simu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam anamtumia 20,000, na papo hapo mnunuzi wa mahindi anamlipa 30,000. Tuseme kompyuta inayotunza akaunti hufanya hatua tatu kwa kila muamala: inasoma salio, inajumlisha, inaandika salio jipya. Miamala ikifuatana, mkulima atakuwa na 100,000. Lakini yote miwili ikisoma 50,000 kabla hata mmoja haujaandika, utakaoandika mwisho utafuta kazi ya mwenzake. Mkulima atabaki na 70,000 au 80,000, na hakuna aliyemwibia.

Hatua hizo sita zaweza kupangana kwa namna 20. Zilizo salama ni mbili tu: huu umalize ndipo ule uanze, au kinyume chake. Miamala miwili ikiwa na hatua kumi kila mmoja, mipangilio inafika 184,756. Ikiwa mitatu, inapita trilioni tano. Hapo ndipo unapoanzia utafiti wa uzamivu wa kuthibitisha programu zinazotenda kazi kwa pamoja, na ndiyo kazi ninayoisifu.

Kinga zipo. Edsger Dijkstra, Mholanzi, alichapisha mwaka 1965 njia ya kuzuia programu mbili zisiingie pamoja mahali pa hatari. Kinga yake nyingine, semafo, aliipa jina la ishara za reli. Tabora, reli inakogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, jambo hilo halihitaji maelezo: njia ikiwa moja, treni moja hungoja. Ila kuweka kinga ni jambo moja, na kujua kwamba haina upenyo ni jingine. Mwaka 1966 jarida moja la kompyuta lilichapisha njia fupi zaidi ya ile ya Dijkstra. Mwaka huohuo mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth akaonyesha kwamba njia hiyo fupi ina mpangilio unaoziruhusu programu mbili kuingia kwa pamoja.

Majaribio hayatoshi. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi ya kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Hitilafu mojawapo ilijitokeza pale tu mhudumu mzoefu aliporekebisha maelekezo kwa kasi. Mwendo wa polepole haukuionyesha.

Susan Owicki alilikabili tatizo hili katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1975, kisha akaliendeleza na David Gries. Thibitisha kila programu peke yake, ukiandika kando ya kila hatua jambo ambalo lazima liwe kweli hapo. Halafu onyesha kwamba hakuna hatua ya programu nyingine inayolibatilisha. Turudi kwa mkulima. Muamala wa kwanza ukishasoma, kando yake tunaandika: salio nililolisoma ndilo lililopo. Ukiwa peke yake, ni kweli. Sasa jaribu kila hatua ya muamala wa pili: kusoma hakuharibu neno, kujumlisha hakuharibu, kuandika kunaliharibu. Basi kufuli, yaani kinga inayouzuia muamala mwingine, lishikwe tangu kusoma hadi kuandika, lisiachiwe katikati. Hoja chache zimefunga mipangilio yote, hata ile ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikitokea.

Mtafiti hutumia miaka kutafuta sentensi moja ya namna hiyo kwa mfumo mkubwa, akiiandika, akiivunja, akiiandika upya. Naiheshimu subira hiyo kwa sababu najua inamfaa nani. Hitilafu ya aina hii haijirudii ikiitwa. Mkulima akienda kulalamika, kompyuta itafanya kazi vizuri mbele ya kila mtu, na neno lake litaonekana uongo. Ulyankulu kuna familia nyingi zilizokimbia Burundi mwaka 1972 zikaanza maisha upya kwa jembe. Kwao kila shilingi ina jasho, na ofisi ya kulalamikia iko mbali. Uthibitisho humtendea haki mtu kama huyo kabla hajalazimika kuidai.