Vipande vya Manila na Ova Hamsini

Kenya ilicheza mechi 154 za kimataifa za kriketi ya siku moja. Ya kwanza ilikuwa dhidi ya India mjini Cuttack, Februari 1996. Ya mwisho ilichezwa New Zealand, Januari 2014, na baada ya hapo nchi ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za daraja hilo. Anayetaka kuteua kikosi bora cha Kenya cha nyakati zote, basi, hana chipukizi wa kumsubiri mwakani. Kila alama imekwisha kuandikwa, na kazi iliyobaki ni ya kusoma, kupima na kuacha.

Mzee niliyemtazama akiifanya kazi hiyo aliwahi kuwa mwandishi wa alama kwenye viwanja vya Nairobi. Vifaa vyake ni vichache: penseli iliyochongwa kwa wembe, raba, rula, madaftari ya alama yaliyovalishwa karatasi ya kaki, na vipande vya manila vyenye ukubwa wa karata. Mbele ya kila kipande kuna jina. Nyuma kuna kazi ambazo mwenye jina aliziweza uwanjani: kufungua, kupiga katikati, kurusha kwa kasi, kurusha mpira wa kuzunguka, kudaka nyuma ya wiketi. Wastani wa mikimbio hakuuandika popote.

"Nikiuweka hapo, mwanangu, utaniamulia kabla sijafikiri," alisema.

Alianza kwa kuweka mpaka. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, 1975, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, nahodha wake Harilal Shah, na wachezaji wake wakitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mle alikuwamo Frasat Ali, aliyefungua kwa kupiga na akafungua tena kwa kurusha. Mle alikuwamo Jawahir Shah. Mzee alivishika vipande vya hao wawili kwa muda mrefu, akavigeuza nyuma na mbele, kisha akavitia kwenye bahasha yao peke yao. Walivaa jezi ya nchi nne, na yeye alikuwa anateua timu ya nchi moja. Uso wake ulionyesha kuwa uamuzi huo haukumfurahisha, lakini bahasha hakuifungua tena.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifunza kumheshimu. Wengi wetu tukiteua timu huanza na wapigaji, kwa sababu mikimbio ndiyo hukumbukwa. Yeye alichukua rula akachora visanduku 50, kimoja kwa kila ova. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10, kwa hiyo timu isiyo na warushaji watano itabaki na visanduku vitupu, hata iwe na wapigaji hodari namna gani. Visanduku hivyo ndivyo alivyovijaza kwanza.

Kumi vya Thomas Odoyo aliviandika bila kusita. Odoyo alimaliza mechi zake za siku moja akiwa na mikimbio zaidi ya 2,000 na wiketi zaidi ya 100, na mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimpa tuzo ya mchezaji bora wa nchi zisizocheza Test. Kumi vingine vilikwenda kwa Martin Suji, mwenzake wa mpira mpya. Kisha mzee akafungua daftari la 2003 na kutafuta ukurasa mmoja.

Ulikuwa wa Durban, tarehe 15 Machi, Kenya na Australia, mechi aliyoiandika nyumbani akitazama televisheni. Mpira usiozaa mkimbio huandikwa nukta. Kwenye mstari wa Aasif Karim nukta zilifuatana hivi kwamba ilibidi macho yatafute tarakimu. Mzee alipitisha ncha ya penseli juu yake taratibu bila kugusa karatasi: ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7 tu kwa jumla, wiketi 3. Ricky Ponting alitoka kwa mguu mbele ya wiketi, Darren Lehmann na Brad Hogg kwa kudakwa. Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi kwenye Davis Cup, alikuwa na miaka 39 na alikwisha kustaafu kabla ya kurudishwa kikosini. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira uangukie pale pale. Australia ilishinda mechi hiyo, lakini mchezaji bora akatajwa yeye. Nilipoinua macho mzee alikuwa ameshajaza visanduku vyake 10.

Vikabaki 20. Kumi aliviacha kwa mrushaji wa tatu wa kasi, ambaye jina lake hakuliandika bado. Kumi vya mwisho vilihitaji watu wanaopiga na kurusha, na hapo ndipo alipotoa vipande viwili vyenye jina moja: Collins Obuya. Cha kwanza ni cha Februari 2003, Nairobi Gymkhana, kijana aliyeuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono na kuchukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka ikashindwa na Kenya ikawa njiani kwenda nusu fainali ya Kombe la Dunia. Cha pili ni cha Machi 2011, Bangalore, mpigaji aliyebaki uwanjani na mikimbio 98 dhidi ya Australia, ova zikaisha kabla hajafikisha mia. Miaka minane inawatenganisha. Mzee aliviweka mgongo kwa mgongo, akavibana kwa stepla, vikawa mchezaji mmoja.

Steve Tikolo hakuhitaji mjadala. Alishampa kazi mbili: mpigaji wa nne, na mwenye kusaidia ova za kati kwa mpira wa kuzunguka. Mwaka 1996 kule Kandy, Sri Lanka ilipoweka mikimbio 398, Tikolo alijibu kwa 96. Mwaka 2003 ndiye aliyekuwa nahodha. Akampa na unahodha.

Maurice Odumbe alimchukua muda mrefu kuliko wote. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Odumbe akiwa nahodha, Kenya ilipata mikimbio 166 na kuwatoa West Indies kwa 93. Yeye alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Miaka miwili baadaye, Gwalior, alipiga 83 na kuchukua wiketi 3, India ikalala. Kisha 2004 akafungiwa miaka 5 kwa uhusiano wake na mtu wa kamari. Mzee aliyaandika yote nyuma ya kipande, adhabu chini ya wiketi, kwa mwandiko ule ule. Akamteua, ila akasema timu hii hataiongoza. Mimi naona alipima sawasawa: hakufuta Pune, na hakufuta 2004.

Kufungua kulikuwa rahisi. Oktoba 1997, Gymkhana, Dipak Chudasama alipiga 122 na Kennedy Otieno 144 dhidi ya Bangladesh, mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Otieno pia alidaka nyuma ya wiketi, kwa hiyo nafasi moja ikaokolewa, na nafasi hiyo akapewa Ravindu Shah. Shah ni mfunguzi aliyewekwa wa tatu, ili mmoja akitoka mapema aingie mtu aliyezoea mpira mpya.

Mrushaji wa tatu wa kasi ndiye aliyechosha raba. Peter Ongondo aliandikwa, akafutwa. Joseph Angara, aliyewatesa India kule Port Elizabeth 2001, aliandikwa, akafutwa. Mwishowe mzee alirudi Pune, kwa Rajab Ali: wiketi 3 kwa mikimbio 17, na Brian Lara akidakwa nyuma na Tariq Iqbal. Alitaka mtu aliyewahi kugawana mpira mpya na Suji siku ngumu. Ongondo akawa wa 12.

Aliniomba nimsomee majina kwa mpangilio wa kupiga, yeye amefumba macho. Otieno, Chudasama, Shah, Tikolo, Odumbe... Akanisimamisha. Watano mfululizo wanapiga kwa mkono wa kulia. Mrushaji wa wapinzani angepata mwelekeo mmoja na kutulia nao. Hitesh Modi, wa mkono wa kushoto, alikuwa wa sita. Mzee alifuta mistari miwili, akampandisha Modi awe wa tano na Odumbe akashuka wa sita, akaniambia nianze kusoma tena kutoka juu.